Akili Ipimwe Kabla ya Mfuko

Kila mwaka, ifikapo mwezi wa Julai, matokeo ya mtihani wa Kidato cha Sita hutangazwa, na katika nyumba za walimu na watumishi wa umma kote nchini hufanyika hesabu mbili. Hesabu ya kwanza ni ya alama: mtoto amepata daraja gani, na chuo gani kitamkubali. Hesabu ya pili ni ya shilingi. Ile ya kwanza mtoto amekwisha kuifanya mwenyewe, kwa kukesha na kitabu. Ya pili humwangukia mzazi, naye huifanya usiku, hati ya mshahara ikiwa mkononi. Kwa familia ambayo kijana wake amepata nafasi katika chuo kikuu cha ng'ambo, hesabu hiyo ya pili ndiyo inayokata shauri. Na ubaya wake ni kwamba haimpimi kijana hata kidogo. Humpima baba yake.

Mfano ulio wazi ni wa Ujerumani. Nchi hiyo husifiwa, na kwa haki, kwamba katika vyuo vikuu vyake vingi vya umma mwanafunzi halipi ada ya masomo, awe mwenyeji au mgeni. Ni kweli kwamba jimbo la Baden-Württemberg lilianza mwaka 2017 kuwatoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya Euro 1,500 kwa kila muhula, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich kikaanza kutoza ada yake kwa wageni mwaka 2024. Lakini kwingineko kwingi utaratibu wa zamani ungali unadumu, na mwanafunzi hutoa mchango mdogo tu wa muhula. Kijana anayesoma habari hizo akiwa Tabora au Mtwara hudhani kwamba mlango uko wazi na kwamba kinachotakiwa ni bidii tu. La hasha! Mlango wa chuo uko wazi. Uliofungwa ni mlango wa nchi.

Ili mwanafunzi wa Tanzania apewe viza ya masomo, na baadaye kibali cha ukaazi, sharti athibitishe kwamba ataweza kujikimu kwa mwaka mzima. Njia inayotumiwa na wengi ni kuweka fedha katika akaunti maalumu ambayo Wajerumani huiita Sperrkonto, yaani akaunti iliyofungwa. Fedha zote za mwaka huwekwa humo kabla mwanafunzi hajapanda ndege, na akisha kufika hawezi kuchota zaidi ya sehemu moja ya kumi na mbili kila mwezi. Hadi Agosti 2024 kiasi kilichotakiwa kilikuwa Euro 11,208. Tangu tarehe 1 Septemba 2024 kimekuwa Euro 11,904, yaani Euro 992 kwa mwezi. Kwa fedha za Tanzania, hizo ni zaidi ya shilingi milioni 30.

Tarehe 1 Mei 2025 ilitangazwa kwamba kima cha chini cha mshahara katika utumishi wa umma kingepanda kutoka shilingi 370,000 hadi shilingi 500,000 kwa mwezi, kuanzia Julai mwaka huo. Nyongeza hiyo ilipokewa kwa shangwe, na ilistahili. Basi na achukuliwe mtumishi wa kima hicho. Asile, asivae, asilipe pango, asimnunulie mtoto daftari wala asitoe mchango wa msiba. Aweke mshahara wote, mwezi baada ya mwezi, pasipo kukatwa hata senti moja. Itamchukua miaka 5 kufikisha shilingi milioni 30, na hata hapo hajafikisha Euro 11,904, wala hajanunua tiketi ya ndege, wala hajalipa Euro 75 za maombi ya viza. Na fedha hizo zote ni za mwaka mmoja tu. Kibali cha ukaazi kwa kawaida hutolewa kwa miaka 2. Kikiisha, mwanafunzi huitwa tena mbele ya ofisi ya wageni na kuulizwa tena ataishi kwa fedha gani. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Hawakudhani kwamba methali hiyo ingekuja kuwa sharti la kuingilia chuo kikuu.

Haki hupaswa kutendwa hata kwa mwenye mlango. Fedha hizo si ada wala si rushwa. Ni mali ya mwanafunzi mwenyewe, na mwenye kuzila ni yeye. Kiasi chake hakikuokotwa njiani: kinalingana na kiwango cha juu cha msaada ambao serikali ya Ujerumani huwapa wanafunzi wake yenyewe. Tena ni kweli kwamba mwanafunzi mwenye njaa katika mji wa ugeni, anayedaiwa pango na asiye na bima ya afya, si mwanafunzi tena bali ni mhitaji. Hoja hiyo ni nzito, wala haifai kubezwa.

Lakini swali si kama mwanafunzi ale au asile. Swali ni kwa nini chakula cha miezi 12 kiwe mezani siku moja, kabla ya mlo wa kwanza. Kijana wa Kijerumani ambaye wazazi wake ni maskini hupewa msaada huo na serikali yake mwezi kwa mwezi, nusu ikiwa ruzuku na nusu ikiwa mkopo usio na riba. Kijana wa Kitanzania ambaye wazazi wake ni maskini hudaiwa kiasi kile kile kwa mkupuo mmoja. Kipimo ni kimoja. Mmoja hupimiwa apewe, mwingine hupimiwa azuiwe. Kwa mmoja umaskini ni sababu ya kusaidiwa. Kwa mwingine ni sababu ya kurudishwa mlangoni.

Sheria za Ujerumani zenyewe zinaijua njia nyingine. Tangu Machi 2024 mwanafunzi mgeni anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 kamili kwa mwaka, au nusu siku 280. Mwaka 2025 ujira wa chini uliowekwa na sheria nchini humo ulikuwa Euro 12.82 kwa saa. Nusu siku ya saa 4 ikizidishwa kwa ujira huo, kisha ikizidishwa kwa 280, jumla yake ni zaidi ya Euro 14,300 kabla ya makato. Yaani sheria inamruhusu mwanafunzi kuchuma kwa jasho lake, pasipo kuvunja amri yoyote, zaidi ya fedha anazodaiwa kuwa nazo kabla hajafika. Hakika si kila mwanafunzi atapata kazi, na anayefanya kazi siku zote 280 atayaumiza masomo yake. Hata nusu ya kipato hicho, hata hivyo, ingepunguza sana mzigo ule wa mwanzo. Lakini jasho la kesho halihesabiwi. Huhesabiwa akiba ya jana tu. Na ni nani mwenye akiba ya jana? Si mtoto wa mkulima wa pamba, wala si mtoto wa muuguzi wa zahanati. Ni mtoto wa mwenye nacho.

Aidha, foleni yenyewe haiko sawa. Raia wa Marekani, Kanada, Japani, Australia, Uingereza na nchi nyingine chache huruhusiwa kuingia Ujerumani bila viza, wakaomba kibali cha ukaazi wakiwa huko huko. Nao hudaiwa uthibitisho wa fedha, lakini hudaiwa wakiwa wamekwisha kufika, darasa wameliona na chumba wamekipata. Mtanzania sharti angoje nyumbani hadi karatasi ya mwisho ikubaliwe, huku masomo yakianza bila yeye. Na akikataliwa? Zamani mwombaji aliyenyimwa viza aliweza kuuandikia ubalozi, bila malipo, akaomba uamuzi utazamwe upya. Tangu tarehe 1 Julai 2025 njia hiyo imefutwa duniani kote. Aliyekataliwa amebakiwa na mambo mawili: kuomba upya na kulipa upya, au kufungua kesi katika mahakama ya utawala mjini Berlin. Mwalimu wa shule ya msingi wilayani Kasulu amfungulie nani kesi Berlin, na kwa nauli ya nani?

Jambo hili lingeweza kuchukuliwa kuwa utaratibu wa ofisi tu, mkavu kama zilivyo taratibu nyingine, lau baina ya Tanzania na Ujerumani kusingekuwa na historia. Lakini historia ipo, na katika historia hiyo suala la nani anaruhusiwa kuingia na kukaa wapi limekuwapo tangu mwanzo. Mwaka 1900 Mtoro bin Mwinyi Bakari, Mswahili wa Bagamoyo, alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika chuo ambako maofisa waliotayarishwa kwenda makoloni walijifunza lugha. Maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa huko mwaka 1903, na wataalamu wangali wanayasoma. Alitakiwa kwa elimu yake, si kwa mfuko wake. Mwaka 1904 alimwoa Mjerumani. Mwaka uliofuata alipotaka kurejea nyumbani na mkewe, utawala wa kikoloni ulimzuia kushuka naye pwani, na mtu huyo aliyezaliwa katika ardhi hii akalazimika kurudi Ulaya, akafa Berlin mwaka 1927. Kumbe tangu zamani hizo kibali hakikuwa karatasi tu. Kilikuwa ni mamlaka ya mmoja juu ya maisha ya mwingine.

Kabla ya hapo, mwaka 1897, utawala huo huo ulitangaza kodi ya nyumba. Mtu aliyejenga kibanda chake kwa miti yake, katika ardhi ya babu zake, aliambiwa atoe rupia ndipo akae kwa amani. Asiyekuwa na rupia alikwenda kuzitafuta kwa kazi za shuruti. Kodi hiyo, pamoja na mashamba ya pamba ya kulazimishwa, ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasha Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Hakuna mwenye akili timamu atakayesema kwamba akaunti ya mwanafunzi ni sawa na kiboko cha akida. Mwanafunzi huenda kwa hiari yake, wala hapigwi mtu. Hata hivyo mantiki ya mambo hayo mawili ni ndugu: fedha kwanza, haki ya kukaa baadaye.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea mbele ya wajukuu wa mashujaa wa Maji Maji na kuomba radhi kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea wazee wao. Lilikuwa tendo la heshima, na wananchi walilipokea hivyo. Miezi 10 baadaye, tarehe 1 Septemba 2024, kiasi cha akaunti iliyofungwa kikapanda kwa Euro 696. Mambo hayo mawili hayakupangwa pamoja. Kiwango hicho hakikupandishwa kuwakomoa Watanzania. Kinawahusu wanafunzi wa mataifa mengi. Lakini kijana wa Songea aliyesikia maneno ya mwaka 2023 ana haki ya kuuliza yana uzito gani mbele ya dirisha la viza. Radhi iliyo kamili haiishii kwenye shada la maua. Huonekana katika mambo madogo ya kila siku, na hakuna jambo linalofaa zaidi kuliko kumfungulia mlango wa shule mjukuu wa aliyenyongwa.

Hata hivyo, yangekuwa makosa kuitupa lawama yote ng'ambo na kuacha ya nyumbani. Sharti hilo la fedha, likiachwa mikononi mwa mzazi mmoja mmoja, limezaa maovu ambayo kila mtumishi na kila mwalimu anayajua, ijapokuwa hayatajwi hadharani. Wapo wazazi wanaouza shamba la urithi. Wapo wanaokopa katika chama cha akiba na mikopo, wakawaomba wenzao wawadhamini, na mkopo ukienda kombo mishahara ya watu watano hukatwa kwa ajili ya mtoto mmoja. Wapo madalali wanaojiita washauri wa masomo, ambao hukodisha fedha za kuonyesha kwa riba ya kutisha. Kijana hufika ugenini, na kila mwezi sehemu yake ya akaunti ikifunguliwa, nusu hurudi kwa mkopeshaji. Sharti lililowekwa ili mwanafunzi asilale njaa ndilo linalomlaza njaa. Na wapo wanaothubutu kughushi taarifa za benki na vyeti, wakisahau kwamba karatasi moja ya uongo humharibia njia mghushi mwenyewe, na tena huwatia shaka Watanzania wote watakaokuja nyuma yake kwenye dirisha lile lile.

Lakini madhara makubwa kuliko yote huonekana baadaye. Kijana aliyekwenda kusoma kwa shamba la baba yake anadaiwa na baba yake. Kijana aliyekwenda kwa fedha za dalali anadaiwa na dalali. Akimaliza shahada yake, sheria ya Ujerumani humruhusu kubaki hadi miezi 18 akitafuta kazi inayolingana na elimu yake, naye atabaki, afanyeje? Mshahara wa nyumbani hauwezi kulilipa deni lile. Ndipo husikika kilio mikutanoni kwamba vijana hawana uzalendo, kwamba wamesomeshwa wakakimbia. Wamesomeshwa na nani? Taifa halikuweka hata senti moja katika safari yao. Ni kwa haki gani litawadai matunda yake? Aliyetumwa na kijiji hurudi kijijini. Aliyetumwa na deni huenda deni linakompeleka.

Mwaka 1964, akiwasilisha bungeni mpango wa maendeleo wa miaka mitano, Mwalimu Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali na kuleta chakula kwa wote. Akikila na asirudi, ni msaliti. Mfano huo hutajwa mara nyingi, na mara nyingi hutajwa nusu. Huwekewa mkazo wajibu wa mtu yule kurudi. Husahauliwa wajibu wa kijiji kumpa chakula. Mwalimu mwenyewe aliujua upande huo wa pili, kwa kuwa yeye naye alikwenda Edinburgh mwaka 1949 kwa ufadhili, akarudi na shahada yake mwaka 1952. Laiti angetakiwa kwanza aonyeshe akiba ya mwaka mzima kutoka kwa baba yake, Chifu Nyerere Burito, ambaye wakati huo alikwisha kufariki, pengine historia ya nchi hii ingeandikwa vingine.

Wako watakaosema: basi vijana wasome nyumbani, vyuo vipo. Ni kweli vipo, na ni fahari ya nchi kwamba chuo kilichoanza mwaka 1961 na wanafunzi wachache wa sheria katika jengo la Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, kimekuwa Chuo Kikuu kamili tangu mwaka 1970 na kuzaa vingine. Si kila kijana anapaswa kwenda ng'ambo, wala kwenda ng'ambo si kipimo cha ubora. Lakini maadamu wapo watakaokwenda, na daima watakuwapo, swali ni wachaguliwe kwa kipimo gani. Kumwambia mtoto wa maskini kwamba nyumbani panatosha, huku mtoto wa tajiri akipanda ndege, si kujitegemea. Huo ni ubaguzi uliovikwa vazi la kujitegemea. Akirudi mtoto wa tajiri na shahada ya ng'ambo, atapewa kiti cha mbele, na yule aliyemshinda darasani ataitwa kumbebea faili.

Basi lifanyike nini?

La kwanza ni la kudaiwa Ujerumani, kwa adabu lakini bila haya. Sheria za nchi hiyo hazikuifanya akaunti iliyofungwa kuwa njia pekee. Zinakubali barua ya ufadhili unaotambuliwa, kama ule wa shirika la DAAD. Zinakubali dhamana ya benki. Zinakubali hata hati ya mkazi wa Ujerumani anayejifunga kisheria kumtunza mwanafunzi. Maana yake ni kwamba kijana mwenye mjomba Hamburg hupita, na asiye na mjomba hukwama. Ikiwa ahadi ya mjomba mmoja inatosha, ahadi ya taifa zima inakosa nini? Serikali ya Tanzania inayo haki ya kuomba kwamba hati ya udhamini itakayotolewa na chombo chake cha umma, kwa mwanafunzi aliyechaguliwa kwa uwezo wake, ipokewe badala ya fedha taslimu. Hilo halitaki kuvunjwa kwa sheria. Lataka mazungumzo baina ya nchi mbili ambazo mojawapo imekwisha kukiri deni la historia.

Wala mapatano ya namna hiyo si mageni. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, Zanzibar ilipofungua uhusiano na Ujerumani Mashariki, vijana walikwenda kusoma huko kwa makubaliano ya serikali kwa serikali. Ukarimu ule ulikuwa na siasa ndani yake, na ulichochea ugomvi wa mwaka 1965 baina ya Dar es Salaam na Bonn, hata Tanzania ikaona heri kuukataa msaada kuliko kuamriwa rafiki. Dola ile imekwisha, na hakuna sababu ya kuililia. Lakini fundisho lake lingalipo: mwanafunzi alikuwa jambo la mataifa mawili kuzungumza, si jambo la mzazi mmoja na benki.

La pili ni la kudaiwa nyumbani. Nchi inayo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na inao uzoefu wa miaka mingi wa kukopesha na kudai. Haishindikani kuanzisha mfuko wa dhamana kwa wanafunzi wa fani ambazo taifa linazihitaji. Hesabu yake si ya kuogofya. Wanafunzi 100 kwa mwaka mmoja ni Euro 1,190,400, na fedha hizo hazipotei: hufunguliwa mwezi kwa mwezi zikamlisha mwanafunzi, na akianza kazi huzirejesha kama mkopo mwingine wowote. Hata kama ni 100 tu, na hata kama wataanza 20, watakuwa wamechaguliwa kwa mtihani na si kwa ukoo, na watakuwa wamefungwa na mkataba unaowarudisha nyumbani. Hapo ndipo taifa litakuwa na haki ya kumwita msaliti yeyote atakayekula chakula cha kijiji asirudi.

La tatu halihitaji mazungumzo wala bajeti. Linawahusu watumishi na walimu wenyewe, na huenda ndilo zito kuliko yote. Vyuo vingi vya Ujerumani hufunga maombi ya muhula wa Oktoba tarehe 15 Julai, siku zile zile ambazo matokeo ya Kidato cha Sita yanatoka. Baada ya hapo huja nakala za vyeti zilizothibitishwa, cheti cha kuzaliwa, pasi ya kusafiria na miadi ya ubalozi. Katika mlolongo huo kila siku ni mali. Na katika mlolongo huo kuna meza ambayo nyuma yake ameketi mtu ambaye jibu lake ni moja: njoo kesho. Kesho mhusika yuko semina. Keshokutwa mhuri umefungiwa kabatini na aliyeshika ufunguo amekwenda mazishini. Kijana aliyesafiri kutoka wilayani hulala stendi ya basi akingoja sahihi moja. Sahihi hiyo haigharimu Euro 11,904. Haigharimu chochote. Anayeichelewesha amejenga ukuta wake mwenyewe mbele ya ule wa ng'ambo, tena bila kulazimishwa na sheria ya nchi yoyote.

Na mwalimu naye ana sehemu yake. Masomo mengi ya shahada ya kwanza nchini Ujerumani hufundishwa kwa Kijerumani. Masomo ya Kiingereza hupatikana zaidi katika shahada ya pili. Lugha hiyo haijifunzwi kwa mwezi mmoja. Mwanafunzi anayeambiwa hayo akiwa Kidato cha Tatu anao muda wa kuamua: ajifunze lugha, au asome kwanza nyumbani, kisha aende kwa shahada ya pili, ambako ufadhili ni mwingi zaidi. Mwanafunzi anayeyagundua baada ya matokeo hana muda wowote, na ni huyo anayeangukia mikononi mwa dalali. Dalali hana siri yoyote kubwa. Anauza habari ambazo zingepaswa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kila shule ya sekondari, na anazipata wateja kwa sababu ubao huo ni mtupu.

Ujerumani itaamua yake, na serikali itaamua yake. Lakini kati ya maamuzi hayo mawili ipo kazi ya kila siku ya watu wasiotajwa magazetini: mwalimu anayeeleza mapema, karani anayepiga mhuri leo badala ya kesho, ofisa anayekataa kupitisha cheti cha uongo hata kama mwombaji ni mpwa wake. Kazi hiyo haiwezi kumfungulia kijana akaunti ya Euro 11,904. Inaweza, hata hivyo, kuhakikisha kwamba akizuiwa atakuwa amezuiwa na ukuta mmoja na si miwili.

Mtoto aliyekesha na kitabu amekwisha kuifanya hesabu yake, naye ameipata. Hesabu iliyobaki si yake. Ni ya watu wazima, wa huko na wa hapa. Na wao ndio wanaofeli kila Julai.